Je, Hofu Yaweza Kuhukumu?

Watu wengi hufikiri ya kuwa moyo ukistuka mbele ya kitu, basi kitu kile ni kibaya, na mwenye kukigusa ni mbaya pamoja nacho. Wengine, hasa vijana, hufikiri kinyume: mtu akikaza moyo asiogope lolote, amekwisha kuwa mwanaume. Mimi naona wote wawili wanakosa jambo moja. Wameiweka hofu katika kiti cha hakimu, wa kwanza kwa kuitii, wa pili kwa kuishinda kelele, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama hofu ilisoma sheria. Kosa hilo si la mchezo katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale. Limekwisha kuwatoa watu katika nyumba zao, na wengine limewatoa katika uzima.

Nimelazimika kuyaandika haya kwa sababu ya nyoka mdogo, mnene kama kalamu. Kijana mmoja wa Masisi, Mkristu, mwanafunzi wa sekondari, aliona mayai katika majani makavu nyuma ya ghala ya mahindi. Moja lilipopasuka, mwalimu wake wa biolojia alikitazama kile kitoto kabla mtu hajakigusa. Akasema ni nyoka wa nyumba, yule wa rangi ya kahawia mwenye mistari miwili ya rangi hafifu kila upande wa kichwa, asiye na sumu, mla panya na mijusi. Kijana akamweka katika sanduku la mbao lenye wavu mzito, akataka kumlea ajifunze. Lakini kila akinyosha mkono, mkono ulitetemeka. Akaniuliza maswali mawili. La kwanza: Je, si dhambi kumlea mnyama aliyelaaniwa na Mungu? La pili: Mtetemeko huu, je, si malaika wangu mlinzi anayenikataza?

Swali la kwanza halitutaki kukawia. Kitabu cha Mwanzo chasimulia ya kuwa Mungu aliumba na vyote vitambaavyo, akaona ni vyema. Habari ya laana yaja sura mbili baadaye, na Kanisa lafundisha ya kuwa yule mshawishi alikuwa Shetani. Tena Mungu yule yule alimwamuru Musa kutengeneza nyoka wa shaba jangwani ili walioumwa wapone, na Bwana wetu Yezu Kristu, akiongea na Nikodemo usiku, alijifananisha mwenyewe na nyoka huyo aliyeinuliwa. Najua ya kuwa katika makanisa yetu mengi iko sanamu ya Bikira Maria akikanyaga kichwa cha nyoka. Sanamu hiyo yatufundisha habari za dhambi. Haitufundishi habari za wanyama, kama vile njiwa wa Roho Mtakatifu hatufundishi namna ya kufuga njiwa.

Hata wazee wetu hawakumwona nyoka kuwa adui tu. Wanyanga wa Walikale wana hadithi ndefu ya Mwindo, ambayo mzee Shekarisi Candi Rureke aliisimulia mwaka 1956, na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaichapisha mwaka 1969. Humo yumo Mukiti, nyoka mkubwa wa majini, na huyo amemwoa Iyangura, shangazi ya Mwindo. Yaani ni mume wa shangazi! Mkwe naye huogopwa, lakini huogopwa kwa adabu: mtu hamkimbii na panga, wala hamvamii kumkumbatia.

Swali la pili ndilo zito. Ili tulijibu, afadhali tuutazame vizuri mkono wenyewe unaotetemeka, maana mwalimu yule alimfundisha kijana kazi hii nami nilikaa nikitazama.

Nyoka hana kope. Hawezi kufumba macho. Hana masikio ya nje. Hupata habari kwa mtikisiko unaopita katika mfupa wa taya. Ulimi wake haumchomi mtu, ndio pua yake ya pili, huokota harufu hewani. Naye ni mdogo: tai humla, kanga humdonoa, paka humchezea mpaka afe. Basi mkono unaokuja kutoka juu ni kwake ukucha wa tai. Mwenye kuzoea huleta mkono kwa upande, polepole lakini bila kusitasita, huupitisha chini ya tumbo katikati ya mwili, kisha humwinua na kumwacha atembee kutoka mkono hata mkono, kama mtu anayepokea uzi. Hamshiki kichwa, wala hambani. Akisha kula, humwacha siku mbili zipite. Macho yakiwa na ukungu wa maziwa, ni dalili ya kwamba anakaribia kuvua ngozi. Haoni vizuri, naye aachwe. Mtu akimaliza hunawa kwa sabuni, kwa maana hata nyoka asiye na sumu aweza kubeba vijidudu vya kuharisha.

Sasa tazama mkono wa mwenye hofu. Huja mpaka karibu, husimama hewani, hurudi, huja tena, halafu hushuka ghafula kutoka juu na kukamata kwa nguvu. Yaani hufanya kila jambo afanyalo mla nyoka. Kitoto kile hujipinda, hutoa harufu mbaya, mwishowe huuma. Meno yake ni kama miiba ya waridi, damu tone moja. Na yule mtu hupiga kelele: “Mmeona? Niliwaambia ni mkali!”

Wasomaji wapenzi, hapo ndipo nilipoielewa hila ya hofu. Hofu hujitengenezea ushahidi. Mnyama aliyekuwa mtulivu amekuwa mkali kwa sababu ya mkono, kisha ukali wake unaletwa mbele ya watu kuwa sababu ya mkono.

Basi nilimjibu kijana: mtetemeko wako si malaika, wala si shetani. Ni mbwa wa nyumbani. Mbwa mwema humbwekea mwizi usiku, lakini humbwekea na Padre aletaye Komunyo kwa mgonjwa. Hatumwui kwa sababu hiyo, maana siku nyingine ametuokoa. Lakini hatumwiti barazani atoe hukumu. Akibweka, mwenye nyumba huwasha taa, akatoka kutazama ni nani. Hofu imekupa habari moja ya kweli: ya kuwa hujamjua bado aliyeko mlangoni.

Musa mwenyewe alikimbia. Kitabu cha Kutoka chasema wazi ya kuwa fimbo yake ilipogeuka nyoka, alikimbia mbele yake. Na sioni popote Mungu akimkaripia kwa kukimbia. Alimwambia tu anyoshe mkono amshike mkia. (Mwenye kujua nyoka atashangaa hapa, kwa sababu kushika mkia ni kuacha kichwa huru. Basi Musa hakufundishwa ufundi wa nyoka siku ile, alifundishwa kutii.) Naye Mtakatifu Toma wa Akwino, alipoandika juu ya fadhila ya nguvu, alihesabu makosa matatu yanayopingana nayo: woga uliopita kiasi, ujuba wa kujitupa hatarini, na kati yao kutokuogopa kabisa. Hilo la katikati ndilo linalowashangaza vijana. Asiyeogopa kitu kinachostahili kuogopwa ana kilema cha akili au cha upendo, maana hathamini uzima aliopewa.

Wala msidhani ya kuwa elimu yenyewe yamfungia mtu mlango wa kosa hilo. Karl Patterson Schmidt wa Marekani alikuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa nyoka duniani. Katika ujana wake aliandika vitabu juu ya nyoka na mijusi waliokusanywa hapa Kongo na Herbert Lang na James Chapin kati ya miaka 1909 na 1915. Tarehe 25 mwezi wa Septemba 1957, katika jumba la makumbusho la Chicago, aliletewa nyoka mchanga kutoka bustani ya wanyama ya mji ule ili amtaje jina. Alikuwa nyoka wa miti wa Afrika mwenye sumu kali, lakini magamba yake yalileta shaka kidogo. Schmidt alimshika bila uangalifu wa kutosha, akaumwa kidole gumba. Jino moja tu liliingia. Kwa kuwa nyoka alikuwa mdogo na jeraha dogo, alifikiri hapakuwa na hatari ya kifo, akakaa akiandika saa kwa saa yale aliyoyasikia mwilini. Kesho yake alasiri alikufa, mwenye umri wa miaka 67. Yeye hakukosa elimu ya nyoka. Siku ile mbwa hakubweka kwa nguvu ya kutosha, naye hakuwasha taa.

Kwa hiyo nawasihi wazazi: mtu asitoke katika ukurasa huu akaingia msituni kuokota nyoka. Kijana wetu alikuwa na yai, na mwalimu, na mnyama aliyekwisha tambulikana. Msitu wa Walikale una nyoka mnene mwenye pembe puani, na ndugu yake mkubwa zaidi mwenye rangi za majani makavu, ambaye meno yake ya sumu hupita yale ya nyoka wote ulimwenguni kwa urefu, karibu sentimita 5. Yuko nyoka mwingine mdogo, mweusi, mng'avu, akaaye chini ya udongo, ambaye watu wengi hudhani ni nyonga tu. Huyo hashikiki kwa namna yoyote, hata shingoni, kwa sababu huchoma kwa jino linalotoka kando ya mdomo bila kuufungua. Na nyoka wenye sumu huwa nayo tangu siku wanapozaliwa. Udogo si alama ya upole.

Hata wale waliofanya kazi hii desturi yao hawakuianza kwa ushujaa. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria, katika Usukuma wa Tanzania, kiko chama cha Bayeye, wacheza ngoma na chatu. Ukifika Bujora karibu na Mwanza, ambako Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika aliyetoka Kanada, aliiunganisha sikukuu ya Mwili wa Kristu na mashindano ya ngoma za Wasukuma, utasikia habari zao. Mtu haingii uwanjani na chatu kwa kuwa ana moyo mgumu. Hufundishwa kwanza na wakubwa wa chama kuwajua nyoka, namna ya kuwakamata, na dawa zao. Sizisifu dawa zote, lakini utaratibu huo naupenda: mwanafunzi, mwalimu, na muda mrefu.

Linganisha na George Went Hensley wa Marekani, mhubiri ambaye tangu mwaka 1910 hivi aliwafundisha watu kushika nyoka wenye sumu katika ibada zao, akitegemea maneno ya mwisho wa Injili ya Marko. Mwaka 1955 aliumwa katika ibada huko Florida, akakataa daktari, akafa. Kanisa Katoliki huita jambo hili kumjaribu Mungu. Shetani alipompandisha Yezu juu ya mnara wa hekalu alimsomea Zaburi ili ajitupe; nanyi mkifungua Zaburi ile mtaona ya kuwa alikoma kabla tu ya mstari unaosema habari za kukanyaga simba na nyoka. Na Bwana alikataa. Mtakatifu Paulo naye, katika kisiwa cha Malta, hakumtafuta nyoka. Alikuwa akiokota kuni kwa ajili ya watu waliolowana na mvua; nyoka akatoka kwa sababu ya moto, akamng'ang'ania mkononi; Paulo akamkung'utia motoni, akaendelea na kazi.

Lakini katika habari ile mimi nawatazama zaidi wale wenyeji waliosimama kando. Walipomwona nyoka mkononi mwake walisema: huyu bila shaka ni mwuaji, haki imemfuata. Walipoona havimbi wala haanguki, walisema: huyu ni mungu. Hukumu mbili kwa muda mfupi, zote mbili za uongo, na Paulo ni yule yule. Nao hawakuwa watu wabaya. Mtakatifu Luka asema waliwatendea wageni kwa ukarimu mwingi. Walikuwa watu wema wenye hakimu mbaya.

Je, sisi? Siku chache baada ya kijana kuleta sanduku lake, maneno yalianza kisimani. Ati ana nyoka wa kulinda mali. Ati mama yake ndiye aliyemtuma. Mama yule ni mjane. Wasomaji wa huku mnajua njia ambayo maneno ya namna hii hupita. Nyoka akionekana katika nyumba ya jirani, haiulizwi alipita wapi. Huulizwa ametumwa na nani. Kisha hutajwa jina, na jina mara nyingi ni la mwanamke mzee asiye na mume wala mwana wa kumtetea. Huitwa, huzungukwa, huulizwa kwa sauti kubwa na vijana wenye fimbo. Hutetemeka. Maneno humpotea, hujibu vibaya. Nao husema: “Mmeona?” Ni mkono ule ule ulioshuka kutoka juu. Mwaka 2021, katika jimbo jirani la Kivu ya Kusini, wanawake kadhaa waliosingiziwa uchawi waliuawa na makundi ya watu. Na sisi ambao tumekimbia mara nyingi tangu vita iliporudi mwaka ule ule, tukalala katika nyasi na shule za watu, tuna hofu nyingi iliyolala ndani ikitafuta mahali pa kutokea. Nalisema hili kwa huruma, kwa sababu hofu yetu ina sababu. Lakini sababu ya hofu yangu haiwi kosa la mjane.

Hapo kijana alinishika vizuri. Aliniuliza: “Mwalimu, Mtakatifu Paulo si alisema afadhali asile nyama kamwe kuliko kumkwaza ndugu? Basi nimwue huyu nyoka, maneno yaishe?” Sikumjibu siku ile, maana neno lake lina uzito. Mkristu hana ruhusa ya kushika haki yake kama fimbo. Kwa hiyo mambo mengine nilimwambia ayafanye mara moja: sanduku litoke katika nyumba ya mama yake, kwa kuwa mama hawezi kulala, na usingizi wa mama ni mkubwa kuliko elimu ya nyoka, liwe na kufuli, asimtoe kamwe kuwatisha watoto au wasichana, maana huo ungekuwa utani wa kishenzi. Lakini kumwua kwa sababu ya neno la kisimani nilimkataza. Paulo alimhurumia mwenye dhamiri dhaifu anayeweza kuanguka. Hakusema tuwape wasingiziaji sadaka wanayoitaka. Leo ungewapa nyoka, nao wangesema: ameficha alama. Kesho wangemtaka mama.

Badala yake mwalimu na kijana waliwaita jirani mchana, jua likiwaka, nje mbele ya kanisa. Walionyeshwa mistari ya kichwani. Walielezwa anachokula. Mama mmoja aliuliza kama huyo angeweza kula na panya wa kwake, maana walikwisha haribu nusu ya maharagwe. Watu wakacheka. Wengine walikwenda zao wakitema mate chini, na sina hakika kama wamebadili mawazo.

Tena mkutano wetu wa shirika ulikubali jambo moja. Nyoka akionekana nyumbani mwa mtu, kabla jina la mtu yeyote halijatajwa, ataitwa mwenye kujua, naye ataulizwa: Ana rangi gani? Alipita wapi? Je, mna mahindi ndani? Nyoka hufuata panya, na panya hufuata mahindi. Na mtu akiumwa, hatakatwa kwa wembe, hatafungwa kamba ngumu, wala hatawekewa jiwe jeusi, ambalo hata misioni zetu zamani zililigawa kwa nia njema, nalo halifyonzi sumu. Atavuliwa pete na bangili, kiungo kitalazwa kisitikisike, naye atachukuliwa upesi kwa tipoyi au pikipiki mpaka hospitali. Shirika la Afya Ulimwenguni, ambalo mwaka 2017 liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, lahesabu ya kuwa kila mwaka yaua watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani. Wengi wao ni wakulima kama sisi, na wengi hupoteza saa za kwanza wakitafuta aliyemtuma nyoka.

Tangu hapo kijana ameitwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa ngozi kavu tu katika dari ya bibi mmoja ambaye jina lake lilikuwa limekwisha anza kutembea. Aliishusha, akaikunjua mbele ya wote, akawaonyesha ni ya nyoka wa aina ya yule wake. Mara ya pili ilikuwa upande wa Walikale, walikohamia shangazi zake, katika banda la kuku. Alichungulia kwa tochi, akaona shingo inapanuka: swila. Aliniambia ya kuwa magoti yalimlegea kabisa. Akarudi nyuma hatua kumi, akawatoa watu wote uani, wakaacha mlango wazi, wakangoja mpaka alipoondoka mwenyewe karibu na adhuhuri.